Saumu ya Ziwa

Flamingo aliyelazwa juu ya meza alikuwa amekufa kwa njaa, na tumbo lake lilikuwa limejaa pomoni.

Paskalina Akonaay alimpasua mwenyewe. Hakuwa daktari wa ndege. Alikuwa mtaalamu wa vimeng'enya, mwanamke wa miaka hamsini na minne aliyezoea kushughulika na vitu visivyoonekana kwa macho. Lakini daktari wa mifugo wa wilaya alikuwa ameshapasua ndege mia mbili na kumi wiki ile, akasema mikono imemfa ganzi, na Paskalina akaona haya kuendelea kumtazama huku yeye mwenyewe amekunja mikono. Alipitisha kisu, akaingiza kidole, akakitoa kikiwa cheupe. Ulikuwa unga laini, usio na harufu, usiolowa hata ukikaa majini. Hakuhitaji darubini ili kuutambua, maana alikuwa ameutengeneza kwa miaka kumi na tisa.

"Ni wetu," alisema.

"Sasa ulidhani ni wa jirani, mama Resti?" aliuliza Mzee Twalibu, msimamizi wa mabwawa, ambaye hata msibani hakuweza kuufunga mdomo wake. Ila safari hii hakucheka. Alimfunika ndege kwa gunia, taratibu, akaanza kumwandaa mwingine.

Ziwa Gidaru ni ziwa la magadi, chungu, lisilonyweka. Samaki hawaishi humo. Waishio humo ni bakteria wa kijani wanaokula mwanga wa jua, na flamingo waliokuwa wakiwala bakteria hao tangu enzi ambazo hapakuwa na mtu wa kuwahesabu. Kiwanda kilijengwa ufukweni kwa ajili ya bakteria hao hao. Mmoja wao, akinyimwa naitrojeni huku jua likizidi kumwakia, hana la kufanya na chakula anachokipika. Hawezi kukua wala kujigawa, basi hukiweka akiba. Vimeng'enya vitatu hushika zamu ndani yake. Cha kwanza huunganisha vipande viwili vya chakula, cha pili hukilainisha kile kilichoungana kiwe shanga, cha tatu huzitunga shanga hizo katika uzi mmoja, maelfu kwa maelfu. Uzi huo ni plastiki. Kipo na cha nne, ambacho kazi yake ni kuufumua uzi siku neema ikirudi, mwenyewe apate kula akiba yake. Paskalina ndiye aliyekifanya cha tatu kiwe na pupa na cha nne kiwe bahili. Kwa kazi hiyo alipewa nishani, na picha yake ikatundikwa kwenye korido ya wizara.

Twalibu, Mrangi wa Kondoa, ndiye aliyeipa kazi hiyo lugha yake. Kuyanyima mabwawa naitrojeni aliita saumu. Kuyarudishia aliita futari. Paskalina, Mwiraqw wa Mbulu na Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, alicheka mwanzoni, kisha akazoea hata akawa anaandika kwenye ripoti zake "bwawa la nne, saumu siku ya sita" bila kujishtukia.

Plastiki yenyewe haikuwa ya mifuko wala ya ndoo. Mwili wa binadamu uliipokea kama nyama yake. Ilifumwa ikawa makoo ya hewa, kwa watu ambao yao yalikuwa yameungua au kuliwa na saratani. Mwili uliimeng'enya polepole, na kila baada ya miezi kumi na minne mtu alirudi hospitali kuwekewa koo jipya. Walikuwa watu mia nne na kumi na wawili. Wataalamu walijaribu kuwafuga bakteria hao ndani ya vioo huko mijini, mbali na Gidaru. Katika maji mengine uzi ulitoka mfupi, na makoo yalipasuka vifuani mwa watu. Baada ya mazishi ya tatu jaribio hilo liliachwa.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana lilikuwa kosa la watu wema, na kosa la mtu mwema ni gumu kuliona.

Bwawa lilipochakaa, baada ya miaka mitatu hivi, sheria ilitaka mabaki yake yachemshwe kwa asidi. Yalichemshwa, tena mbele ya mkaguzi. Lakini siku moja kabla, Twalibu alichota kata moja ya maji ya bwawa, wafanyakazi wote wakaacha kazi na kumfuata hadi ufukweni, na kata ile ikamwagwa ziwani. "Rudini kwenu, mmetutumikia," alisema Twalibu, na wengine wakaitikia. Kisha walirudi kunywa chai. Ilikuwa ni kuagana tu. Babu wa bakteria wale alitolewa ziwa lile lile, nao waliona vibaya kumlaza njaa kiumbe miaka mitatu kisha kummalizia kwenye asidi bila hata kwaheri.

Paskalina aliijua desturi hiyo na akairuhusu. Hesabu zake zilimwambia kwamba bakteria wa kiwandani, mnene na mzito kwa akiba yake, asingemaliza siku mbili mbele ya wenzake wepesi wa ziwani. Na kweli, katika ziwa lililoshiba asingemaliza. Hakujiuliza itakuwaje siku ziwa lenyewe likishikwa na njaa.

Ukame ulikuja ukakaa miaka mitano. Mito haikuleta tope, tope halikuleta naitrojeni, na bakteria wepesi wakafa mmoja mmoja. Waliobaki ni wale waliofundishwa kufunga. Flamingo waliwala kama kawaida, lakini tumbo la flamingo halina kile kimeng'enya cha nne, kwa hiyo walijaza unga matumboni na kukonda huku wameshiba. Na kadiri walivyokufa, ndivyo kinyesi chao kilivyopungua ziwani, nacho kilikuwa futari pekee iliyobaki. Njaa ikazaa njaa. Mwezi uliopita unga ule ule ulikuwa umeonekana kwenye mabwawa ya perege na majaruba ya mpunga kule bondeni, umebebwa na miguu ya ndege.

*

Baraza la Ziwa lilikaa asubuhi, kwenye banda la kupimia chumvi. Mwenyekiti wake alikuwa Udangashega, mfugaji wa Kibarbaig, mwanamke mwenye sauti ndogo iliyowalazimisha watu kuinama ili wamsikie. Paskalina aliwaeleza yote, kuanzia kata ya kwanza. Hakumtaja Twalibu.

"Nani aliruhusu?" aliuliza Udangashega.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Tuliwaonea huruma."

Mtu mmoja nyuma aliguna. Udangashega alimtazama hadi akanyamaza, kisha akamgeukia tena Paskalina. "Na dawa yake ipo?"

Ipo, alisema Paskalina. Kipo kirusi kinachomshambulia bakteria huyu peke yake na kumwacha yule wa asili. Kilipatikana kwenye tope la ziwa lenyewe, mwaka jana. Ila kirusi hakizaliani ndani ya bakteria mwenye njaa. Mwenye njaa amelala. Kirusi kinamwingia, kinangoja, kinafia humo. Ni lazima kwanza mabwawa ya kiwanda yafuturishwe, bakteria waamke, na saa ile ile wanapoamka kirusi kimwagwe. Ukikiwahisha, bado wamelala. Ukikichelewesha, wameshaota ngozi nyingine na hakiwashiki. Kikikubali, kitazaana kwa mabilioni, milango ya mabwawa ifunguliwe, kiende ziwani. Mvua za masika zimeanza na mito inaleta tope, hivyo ziwa nalo linaamka. Nafasi ni wiki hii.

"Na bakteria wa kiwandani?"

"Wataisha. Na mbegu iliyo kwenye jokofu itabidi ichemshwe, la sivyo tutarudi hapa hapa baada ya miaka kumi."

"Saa hiyo ya kuamka, nani anaijua?"

Mashine zilikuwa zinaijua kwa makadirio ya nusu siku, na nusu siku haikutosha. Twalibu alichora mstari mchangani kwa ncha ya kiatu.

"Mimi," alisema Paskalina. "Huonekana kwa rangi. Nimeitazama miaka kumi na tisa."

Udangashega alijifunga vizuri shuka lake. "Binti yako Restituta anapumua kwa plastiki hii. Sote tunajua. Kwa hiyo sitakuamuru, mama, kwa sababu amri haiwezi kukaa pale bwawani ikitazama rangi. Nenda. Ukirudi ukatuambia imeshindikana, hakuna hapa atakayekuuliza ilishindikanaje."

Alikusudia wema. Paskalina alitoka bandani akitamani kwamba yule mama angemkemea.

*

Restituta alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, akisahihisha madaftari ya darasa la kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, betri za gari la abiria zililipuka stendi na kuunguza hewa aliyoivuta, na koo lake likaungua pamoja nayo. Alipopumua sasa kulisikika mluzi mwembamba, ambao wanafunzi wake walikuwa wakiuigiza na ambao mama yake aliusikia hata akiwa kazini, mahali ambapo haikuwezekana kuusikia.

"Nimeshasikia," alisema Restituta kabla mama yake hajaweka mkoba chini. "Mwalimu mkuu amenipa pole leo. Amenishika na mkono, kabisa, kama niliyekwisha kuzikwa."

"Resti, tuongee."

"Tuongee. Makoo yaliyobaki ghalani mangapi?"

"Moja moja kwa kila mtu. Hayatunziki zaidi ya mwaka na nusu, yanakakamaa."

"Kwa hiyo nina hili nililovaa na jingine moja."

"Miaka miwili na ushee," alisema Paskalina. Alikuwa amepiga hesabu hiyo njia nzima, na kila alipoipiga jibu lilikuwa lile lile. "Baada ya hapo kuna bomba la chuma."

Restituta alicheka, na kicheko kilimletea kikohozi, na kikohozi kikachukua muda kuisha. "Nililala wodi moja na wawili wa chuma, mama. Unawakumbuka? Yule dada wa Endabash na yule fundi. Vumbi letu hili liliwazika wote kabla hawajavuna mara ya pili."

Paskalina alikaa kwenye ukingo wa mkeka. Alitaka kumshika mwanawe, lakini aliona kwamba hana haki hiyo kabla ya kuuliza alichokuja kukiuliza. "Niambie nifanye nini."

"Hapana."

"Resti, ni maisha yako. Nitafanyaje bila..."

"Hapana, mama." Restituta alifunga daftari alilokuwa nalo mkononi. "Unataka niseme, fanya tu mama yangu, mimi ni mmoja, wao ni wengi, Mungu yupo. Upate usingizi. Sisemi. Nina watoto arobaini na watatu mle darasani, nusu yao hawajui kuandika majina yao, na nataka niwaone wakifika la saba. Nataka kuishi, unasikia? Na ukitaka niseme acha, wacha watu wa bonde zima wakose perege na mpunga ili mimi nipumue, hilo nalo sisemi. Usinitwike. Mliomwaga ni ninyi, mzigo ni wako."

Paskalina aliinama. Maneno yalimchoma, na kilichomchoma zaidi ni kwamba alijua yana haki. Hakuwa amekuja kutafuta shauri. Alikuwa amekuja kuomba msamaha kabla ya kutenda, na hiyo ni njia ya mtoto mdogo.

"Umekula?" aliuliza Restituta baadaye, kwa sauti nyingine.

"Sina njaa."

"Nenda kalale basi. Kazi yako inaanza kesho."

*

Futari ilimwagwa Jumanne asubuhi, mapipa sita ya naitrojeni katika mabwawa sita, na Paskalina akakaa kwenye kigoda kando ya bwawa la nne. Bwawa lenye saumu lina rangi ya ndizi mbivu. Bakteria mwenye njaa hula hata rangi yake mwenyewe. Anapoamka kijani hurudi kikianzia chini, kama majani ya kunde, na maji hutoa harufu ya udongo uliopata mvua. Kati ya kijani hicho cha kwanza na kile kizito cha bakteria aliyekwisha kuota ngozi mpya kuna saa moja, au pungufu.

Jumatano hakuna kilichobadilika. Alhamisi, jua lilipopanda, kijani kilionekana chini ya maji.

Alikuwa hajawahi kuwaona hivyo. Miaka yote aliwafuturisha kwa kijiko, kiasi cha kuwaweka hai, kisha akawafungisha tena. Sasa walikuwa na kila kitu. Walikuwa wakijigawa kwa furaha, kama neno hilo linaweza kutumika kwa kiumbe asiye na ubongo, na Paskalina aliona kwamba linaweza. Aliwapenda. Alikumbuka siku Restituta alipotolewa mashine na kuvuta pumzi ya kwanza kwa koo jipya, ule mluzi ukatoka, na wauguzi wakapiga makofi. Pumzi ile ilitoka humu.

Twalibu alisimama nyuma yake na dumu la kirusi. Maji ndani yake yalikuwa meupe kidogo, kama maji ya mchele.

"Mama Resti," alisema, "macho yangu siku hizi hayafai. Kijani, njano, vyote naviona sawa. Ukiniambia bado, nami nitawaambia bado. Na kesho tukisema tumechelewa, basi tumechelewa. Mzee kama mimi nani atambishia?"

Paskalina alimtazama. Machozi yalikuwa yakimtoka yule mzee bila kelele, yakiingia kwenye ndevu. Kata zote zile alizichota yeye kwa mkono wake, na hakuna hata siku moja Paskalina aliyomsikia akijitetea.

"Bado," alisema Paskalina.

Ilikuwa saa nne kasoro, na haikuwa kweli. Saa ilikuwa imeshaingia.

Alikaa. Harufu ya udongo ilimpanda puani. Dakika kumi zilipita, na katika dakika hizo binti yake aliishi miaka arobaini, akazaa, akastaafu, akamzika yeye, kama ilivyo haki. Alijaribu kujiambia kwamba hiyo nayo ni huruma. Lakini huruma ya kwanza, ile ya kata, ilikuwa rahisi kwa kuwa waliolipa walikuwa mbali na hawakuwa na majina. Hii ilikuwa ile ile, imevaa uso wa mwanawe, na ng'ambo ya vilima bado kulikuwa na watu asiowajua walio na watoto wanaowajua.

"Twalibu."

"Naam."

"Nimekudanganya. Ni sasa."

Twalibu hakusogea. Ilibidi Paskalina anyanyuke, amtoe dumu mkononi, kidole kimoja kimoja, alifungue na kulimwaga mwenyewe. Alikwenda bwawa kwa bwawa, yote sita, bila kukimbia. Kisha alifungua jokofu, akatoa vichupa vyote vya mbegu na kuvichemsha katika sufuria ya maabara hadi maji yakakauka na vioo vikaanza kupasuka.

Kesho yake saa tisa alasiri mabwawa yalikuwa angavu hadi sakafuni. Bakteria walikuwa wamepasuka wote, na akiba yao ilikuwa imetua chini, nyeupe, kama ukungu juu ya mkate. Walipofungua milango maji yalitiririka ziwani kwa muda mrefu. Wafanyakazi walikuwepo, wamevua kofia, na safari hii Twalibu hakusema neno.

*

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Restituta alikuwa jikoni akisonga ugali, na mluzi ulisikika kila alipougeuza mwiko.

"Umefanya?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimefanya."

"Saa yenyewe?"

Paskalina angeweza kusema ndiyo. "Nilichelewa dakika kumi. Lakini kimeshika. Wamekufa wote."

Mwiko ulisimama, kisha ukaendelea. Restituta alipakua ugali, akaweka mlenda na bakuli la maziwa ya mgando, akaleta jagi na beseni. Alipiga goti mbele ya mama yake kumnawisha, kama alivyofanya tangu alipokuwa na nguvu ya kuinua jagi, na maji mengine yalimwagika nje ya beseni. Paskalina aliitazama shingo ya mwanawe, pale chini ya kidevu, kovu lilipokuwa likipanda na kushuka.

"Dakika kumi," alisema Restituta. "Ulikuwa unanifikiria mimi?"

"Ndiyo."

Restituta alitikisa kichwa. Alimkausha mama yake mkono mmoja, kisha wa pili, akalikunja taulo vizuri na kuliweka kando.

"Sijakusamehe, mama," alisema. "Nataka ujue. Na sijui kama miaka miwili itanitosha." Alikaa upande wa pili wa sinia, akavuta pumzi, akasukuma bakuli la maziwa karibu na mkono wa mama yake. "Kula. Ugali unapoa."